Ratili Mbili za Udongo

Kalamu nilishika mimi.
Nachingwea, ghala la nyuma ya stesheni,
mwaka ule trekta za karanga zilipokwisha kuota kutu
na kuku wakawa wanataga kwenye viti vya madereva.

Mizani ilining'inia kwenye boriti,
uso mviringo kama wa Bwana Shauri,
na mshale wake haukupenda kutulia palipo na kweli.

Amri ilisema: kila gunia, kata ratili mbili.
"Za udongo," nikaandika.
Gunia la Nandonde, za udongo.
La wale Wamwera wa Ruponda
waliolala njiani usiku mmoja na ming'oko baridi, za udongo.
Kodi nayo ikipanda, shilingi juu ya shilingi,
na asiye na stakabadhi akalima barabara
ya kumpitishia mdai kodi.

Mjomba, mtunzi asiyejua kusoma,
alinifunza mizani nyingine, ya vidole, nane kwa nane.
Jioni moja, akimenya muhogo, hakunitazama:

*Mizani ya mtu mwongo, hupungua kila mwezi,*
*Huanza kula udongo, ikaishia na mbuzi.*

Nilihesabu. Haikupungua hata silabi moja.
Usiku ule sikulala.

Barua tuliandika.
Ya kwanza kurasa nne, kwa heshima na taadhima, ikaenda Lindi.
Jibu: imepokelewa.
Ya pili kurasa mbili. Jibu: inashughulikiwa.
Ya tatu mstari mmoja,
na chini yake alama za dole gumba sitini na nne.
Jibu la hiyo lilikuja kwa miguu:
askari watatu, wakiuliza nani kanunua wino.

Ndipo akaja Somoe Likanda.
Karanga kazipepeta, kazifuta moja moja kwa kanga
mpaka ungedhani zimetoka dukani kwa Mhindi.
Nikapima. Nikakata. Sauti ikanikwama:
"Za udongo."
"Udongo upi?"

Bwana Shauri akatoka na kikombe chake cha chai.
Mgeni, miezi mitatu tu, Kiswahili chake cha jikoni.
Akatabasamu. Anataka nini huyu mama?

Mama akafungua pindo.
Kamba ya ukindu, mafundo themanini na matatu.
"Magunia yangu haya, tangu mwaka nilipomzika Mnali.
Kila moja mmelikata udongo.
Haya, karanga mmekula.
Udongo wangu nirudishieni.
Ratili mia moja sitini na sita.
Kikapu nimekuja nacho."

Foleni ilinyamaza.
Mtu mmoja akakohoa. Akakohoa mwingine.
Kikohozi kikatembea mgongo kwa mgongo
mpaka kwa makuli kule relini.

Bwana akaweka kikombe juu ya daftari langu,
nina alama yake hadi leo, duara la kahawia
juu ya jina la mtu wa Mtama.
Mwambie, alisema, hilo halimo katika sheria.

Nilikuwa mkalimani mzuri. Waulize.
Mshahara wangu ulitoka katika neno kwenda neno.
Nikamgeukia Somoe, nikawageukia wote, nikasema:
"Anasema udongo si wake."

Siku ya soko iliyofuata
nilifungua ghala saa moja, nikafuta mizani vumbi,
nikachonga penseli mbili.
Hakuja mtu.
Saa nne, hakuna. Treni ya Mtwara ikapiga honi, ikaondoka na mabehewa matupu.

Bwana aliugonga uso wa mizani kwa kifundo cha kidole,
mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.
Imeharibika hii, alisema.
Mshale ulikuwa kwenye sufuri.
Miaka sita nimefanya kazi pale, sikuwahi kuuona umetulia hivyo.

Nikaandika tarehe. Nikaandika sufuri.
Nje, upande wa pili wa reli,
walikuwa wamekaa chini, juu ya udongo,
wanakula karanga zao za kuchemsha,
na Somoe alikuwa akimwonyesha mtoto wa mtu
jinsi ya kufunga fundo.